Zamu ya Alhamisi

Ijumaa, 1 Novemba. Watakatifu Wote.

Mvua ya vuli imeanza leo tukiwa misani. Ilipiga mabati ya kanisa mpaka Padri akanyamaza katikati ya mahubiri. Alitutazama, akacheka, akaenda kukaa chini aingoje.

Winnie angelipenda hilo. Kila jioni nilikuwa nikimsimulia siku yangu yote, naye akinisikiliza huku anakwangua ukoko wa sufuria na kuula akiwa amesimama. Tangu Aprili sina wa kumsimulia. Nimejaribu kuzungumza na ukuta nikaona aibu. Basi nitaandika.

Jumuiya imesali hapa kwangu leo. Baada ya rozari, Nkwabi, mwenyekiti wetu, alitueleza habari za rehema kamili. Alisema kuanzia leo mpaka tarehe nane, mtu akiungama, akakomunika, akasali kwa nia za Baba Mtakatifu na kwenda makaburini kuwaombea marehemu, Kanisa linampa rehema kamili, na anaweza kumtolea marehemu wake aliye toharani, adhabu zake zote zikaondolewa.

"Lakini," Nkwabi akainua kidole, "moyo wako usishikamane na dhambi yoyote. Hata ile ndogo. Hapo ndipo wengi tunaponasa."

"Basi marehemu wetu sisi wa Igogo watangoja sana, mwenyekiti," akasema Akinyi muuza dagaa, na watu wakacheka.

Mimi sikucheka. Miaka yote ya ndoa yetu Winnie ndiye aliyekuwa mtoaji. Hiki ndicho kitu pekee ninachoweza kumpa sasa, nami nataka nimpe kizima.

Jumamosi, 2 Novemba. Marehemu Wote.

Nilikwenda makaburini asubuhi. Nimeng'oa majani, nimepanga upya mawe yaliyosogezwa na maji. Nilisali vizuri. Moyo ulikuwa mwepesi, nikasema, leo rehema imefika.

Wakati wa kurudi nikainua macho, nikakiona kilima chetu na yale majabali, na juu kabisa kati ya majabali mawili bati la nyumba ya Mzee Shigela. Papo hapo nikajua haijafika. Nilikuwa bado namchukia aliyelala mle.

Niandike tu, hakuna anayesoma. Mzee Shigela alikuwa fundi wa injini za meli. Kiharusi kilimlaza miaka mitatu iliyopita, upande wa kushoto wote umekufa, mdomo peke yake ndio umebaki na nguvu. Watoto wake wako mbali na hawaji. Jumuiya yetu iligawana zamu za kumwogesha na kumlisha, na Alhamisi ilikuwa ya Winnie na Akinyi. Siku moja ya Aprili, Jumamosi, mvua ikinyesha, mtoto wa jirani yake alikuja kwetu mbio. "Mama, Mzee anakuita." Winnie alijifunga khanga kichwani akatoka. Mwavuli aliushika mkononi umekunjwa, maana alikuwa na tabia hiyo, alikunja mwavuli ili usilowe. Wakati wa kushuka aliteleza kwenye ule mwamba ulio chini ya nyumba ya Mzee, akaangukia kichwa. Alikufa hospitali bila kuamka.

Haikuwa Alhamisi. Alimwita kwa nini?

Jumapili, 3 Novemba.

Mvua. Sikutoka ila misa.

Jumanne, 5 Novemba.

Nimekwenda kuungama. Foleni ilikuwa ndefu, Padri amechoka. Nilimwambia kwamba namchukia Mzee Shigela, na kwamba chuki hiyo inamzuilia mke wangu rehema.

Aliniuliza, "Bwana alipotuambia tuwe wakamilifu kama Baba wa mbinguni, alikuwa ametoka kuzungumzia nini?"

"Sijui, Padri."

"Mvua. Nenda ukasome. Na malipizi yako ni kuishika zamu ya mke wako."

Nimesoma jioni hii. Ni kweli. Kabla ya neno lile la ukamilifu, anasema Baba huwanyeshea mvua wema na waovu. Nilikuwa nimelisikia tangu utotoni, lakini nilidhani mvua ni kitu kimoja na ukamilifu ni kingine.

Alhamisi, 7 Novemba.

Nilimkuta Akinyi ameshafika, amekunja mikono ya blauzi. Kumbe tangu Aprili zamu hii anaibeba peke yake na hajawahi kuniambia.

"Shikamoo, Mzee," nikasema.

Hakuitikia. Alinitazama kutoka kitandani. "Huyu nani?"

"Mume wa Winnie. Yule fundi wa vioo," Akinyi akamjibu.

"Mbona kafupi? Yule mwanamke alivyokuwa anamsifu nilidhani ni mtu."

"Na wewe urefu wako umelala kitandani, unautumia kufanya nini? Inua mkono nikuoshe. Unanuka kama mtumbwi."

"Wewe unanuka dagaa."

"Dagaa wangu wananilipia kodi ya nyumba. Huo uvundo wako unalipa nini?"

Niliona haya. Mgonjwa anasemwa hivyo! Nilifanya kazi kimya: kubadili shuka, kutwanga dawa, kulisha uji. Kila nilichofanya nilisema moyoni, hiki kwa Winnie, na hiki kwa Winnie. Nilijizuia nisimtazame usoni.

Tukishuka, Akinyi alinionyesha pa kukanyaga kwenye mwamba. Nilikuwa napajua. Nimepatazama mara nyingi mno.

Ijumaa, 8 Novemba.

Siku ya mwisho ya rehema. Nimekwenda tena makaburini kabla ya kazi. Sijui kama imefika. Nitamwuliza Padri.

Jumatatu, 11 Novemba.

Dukani leo tumewekewa oda ya fremu za picha za watakatifu kwa ajili ya Noeli. Nilikata kioo kimoja kikapasuka, nikakata kingine kikapasuka vilevile. Bwana Liaqat, mwenye duka, alikuja akasimama nyuma yangu na kikombe chake cha chai.

"Mayala, umegombana na nani?"

"Sijagombana na mtu, bosi."

"Basi umegombana ukanyamaza. Hiyo ndiyo inayopasua." Akaniambia nikae, akanimiminia chai.

Nimefanya kazi kwake muda mrefu. Winnie alipokufa, yeye alikuja na mama yake, Mama Zohra, wakakaa nasi chini mkekani siku nzima. Mama yule miguu inamuuma na hawezi kukaa chini. Alikaa.

Alhamisi, 14 Novemba.

Akinyi hakuja. Dagaa wake walikuwa wameanikwa mchangani na wingu linakuja, alikwenda kuwakusanya. Nilikuwa peke yangu na Mzee.

Nilikusudia kuwa mvumilivu kabisa. Alinitukana wakati namwogesha, nikanyamaza. Nilipomlisha uji alinitemea shatini. Nikajifuta, nikamwambia kwa upole, "Haidhuru, Mzee. Nimekusamehe."

"Umenisamehe nini?"

Nilikoroga uji.

"Na unachezesha midomo. Unasali?"

"Ndiyo, Mzee."

"Unaniombea mimi?"

Sijui kudanganya. Nilimwambia namwombea Winnie. Kwamba kazi hii namtolea yeye, apumzike.

Niliposhika tena kijiko, aligeuza uso ukutani.

"Jumatatu anakuja mama mmoja, mwanawe anatafuta kazi, basi ananilisha ili Mungu ampe mtoto kazi. Jumatano anakuja Nkwabi wenu, yeye anapanda mbinguni. Alhamisi unakuja wewe na marehemu wako. Wote mnanikanyaga hapa." Alijipiga kifuani kwa ule mkono wake mzima. "Mimi ni mtu, fundi. Si ngazi. Toka."

Nilidhani ni hasira itakayopita. Alichukua bakuli la uji akalitupa mlangoni.

Jumapili, 17 Novemba.

Jumuiya. Habari ni kwamba Mzee Shigela amewafukuza wote wa zamu. Hali uji wao, hataki kuguswa. Anayeruhusiwa ni Akinyi tu, naye hawezi kila siku. Mama wa Jumatatu anasema mzee akiachwa hivyo, na mvua hizi, hatafika Noeli.

Nkwabi alikaa ameinamisha kichwa. Ni mtu mwema sana, Nkwabi. Mwaka juzi alitusomesha barua nzima ya Baba Askofu kwa wiki sita ili hata wasiojua kusoma waielewe. "Mimi ndiye niliyesema mzee huyu ni zawadi kwetu, anatupa nafasi ya kupanda katika ukamilifu," alisema. "Sikujua kwamba ananisikia mpaka kule juu." Kisha akamgeukia Akinyi. "Dada, wewe unamfanyia nini?"

"Namtukana."

Watu wakaguna.

"Naye ananitukana. Tukichoka tunakula."

Nilimtazama Akinyi vizuri leo. Huyu mama anasinzia kwenye litania, anauza dagaa hata Jumapili, sauti yake inasikika mpaka barabarani. Nilikuwa nikimshangaa Winnie kumfanya rafiki. Lakini kati yetu wote tuliokaa pale tukitafuta njia ya kumpenda mzee yule, yeye peke yake hakuwa anatafuta.

Jumatatu, 18 Novemba.

Mvua tangu alfajiri. Nilitaka kumwuliza Padri juu ya ile rehema, hayupo, amekwenda kigango cha Kamanga.

Alhamisi, 21 Novemba.

Nitaandika pole pole.

Nilipanda na Akinyi. Aliingia kwanza, nikamsikia anasema, "Nimekuletea yule mfupi, usimle." Mzee hakunifukuza. Nilikaa kwenye kigoda bila kugusa kitu, bila kusali. Akinyi alimwogesha, akaenda nje kuanika shuka chini ya upenu.

Mzee akaniambia, "Chini ya kitanda."

Nilivuta ubao wa drafti uliochorwa kwa makaa, na mfuko wa visoda vya chupa.

"Wa mke wako," akasema. "Panga."

Nilimwambia Winnie alikuja hapa kumwogesha na kumsomea sala. Alicheka mpaka akakohoa. "Sala? Labda alisali nisimwone anavyoiba kete. Yule mwanamke alikuwa mwizi! Ukigeuka kukohoa, kete imehama."

Na mimi nikacheka. Ilikuwa kweli, kwani alipocheza karata na ndugu zake alikuwa hivyohivyo. Nilihisi Winnie amekaa pale pamoja nasi.

Tukacheza. Mzee akasimulia. Alisema siku moja alimtukania Winnie mama yake mzazi. Winnie akaweka kitambaa chini, akaondoka, na Alhamisi iliyofuata hakuja, wala iliyofuata. Kisha akatokea mlangoni, hakuingia. Akasema, "Mzee, niombe msamaha, la sivyo nageuka."

"Ukamwomba?"

"Nilimwomba. Tangu nilazwe hapa ndiye mtu wa pekee aliyewahi kunidai msamaha. Ninyi wengine mnanisamehe kabla sijakosa. Mnadhani ni heshima? Mtoto mchanga ndiye asiyedaiwa. Na maiti."

Sijawahi kusikia neno kama hilo. Nilisahau zamu yangu ya kucheza. Na kwa sababu moyo wangu ulikuwa umefunguka hivyo, nikauliza lile nililokuwa nalo tangu Aprili. "Mzee, ile Jumamosi ulimwitia nini?"

Aliutazama ubao.

"Alhamisi ile tuliacha mchezo katikati. Nilikuwa naelekea kumfunga, mara ya kwanza tangu tuanze. Ubao tuliuacha kama ulivyo, hapo juu ya sanduku. Siku mbili nautazama. Nikaona nisingoje wiki nzima, panya watasogeza kete."

"Ukamwita kwenye mvua kwa ajili ya drafti."

"Akaja. Akakaa hapo ulipokaa. Akanifunga yeye. Akaondoka anacheka, nikamsikia anacheka mpaka nje. Halafu nikasikia ile sauti nyingine."

Nilisimama. Visoda vilimwagika. Akinyi aliniita mara mbili nikishuka, sikugeuka.

Miezi yote hii nilijiambia kwamba alikufa kwenye kazi ya Bwana. Nilidhani mzee alikuwa amezidiwa, amechafuka, ana njaa. Hiyo ndiyo iliyonishikilia. Drafti! Visoda vya soda!

Ijumaa, 22 Novemba.

Sikula.

Alhamisi, 28 Novemba.

Sikwenda.

Jumapili, 1 Desemba. Majilio.

Akinyi alikuja baada ya misa na kifuko cha dagaa. Nusu yake walikuwa weusi, mvua iliwapata kabla hawajakauka. Hakungoja kukaribishwa.

"Shemeji, Alhamisi uliumwa?"

"Hapana."

"Ulisafiri?"

"Hapana."

"Basi umenuna."

Nilimwambia kila kitu. Nilimwambia nilidhani mke wangu alikufa akitenda tendo takatifu, kumbe alikufa akitoka mchezoni.

"Ulitaka afe ameshika rozari."

"Ningeelewa."

Akavuta kigoda, akaanza kuchambua dagaa huku anazungumza, maana hawezi kuzungumza mikono ikiwa mitupu. "Sikiliza, shemeji. Mimi nimemjua Winnie kabla yako, tumekua pamoja kule Mara. Kwenye rozari mimi nasinzia, yeye alikuwa anakoroma. Ulimi alikuwa nao. Wivu alikuwa nao, mimi ndiye ninayejua. Lakini niambie kitu kimoja. Mvua ile, mtoto anakuja anasema Mzee anakuita, na Winnie anajua kabisa anaitiwa nini, kwa sababu ubao aliuacha yeye. Nani mwingine angetoka? Mimi nisingetoka, ningesema angoje Alhamisi, mzee mpumbavu. Mwenyekiti angempelekea uji na sala. Wewe ungepeleka mwavuli. Winnie alikwenda kucheza."

Niliokota dagaa aliyeanguka.

"Mzee yule hakuwa na njaa siku ile. Alikuwa na hamu. Nani anamwendea mtu mwenye hamu tu?" Alisimama, akakung'uta mapaja. "Kama huo si ukamilifu, mimi sijui mlikuwa mnautafuta nini makaburini. Dagaa uwakaange leo, kesho watanuka."

Nimewakaanga. Nimekaa nao mezani muda mrefu. Nilikuwa namfahamu mke wangu kama mtu mwema mwenye kasoro zake, nikawa naziombea zile kasoro zitakaswe. Sikujua kwamba alikuwa amefika mbali hivyo, na mimi nikilala kitanda kimoja naye.

Alhamisi, 5 Desemba.

Nilipanda peke yangu. Sikubeba uji wala sabuni. Nilisimama mlangoni.

"Sijaja kukuogesha," nikasema. "Nimekuja kukudai."

"Kunidai nini?"

"Msamaha. Ulimwita mke wangu kwenye mvua kwa ajili ya mchezo, na ukanyamaza mpaka nilipouliza. Nimekuchukia tangu Aprili. Siku ile nilipokuambia nimekusamehe nilisema uongo. Sikusamehi mpaka uniombe."

Sijawahi kumwambia mtu mzima maneno kama hayo. Mvua ilikuwa inachuruzika kutoka batini mpaka mgongoni mwangu, lakini sikuingia.

Mzee alijaribu kujiinua kwa ule mkono mzima. Alijiinua kidogo, akashindwa, akajaribu tena, mpaka akaegemea ukuta. Alitaka aseme akiwa amekaa.

"Nisamehe, Mayala," akasema. Sikujua kwamba analijua jina langu. "Kila mvua ikianza namwona yule mtoto anatoka mbio kwenda kwenu. Namwambia, rudi. Namwambia, mwache. Harudi."

Nilimwambia nimemsamehe. Neno hilo halikutoka kirahisi kama mara ya kwanza. Ilikuwa kama kunyanyua kioo kikubwa, unaogopa kila hatua. Lakini nililisema, na lilikuwa la kweli, na yeye akalipokea, akatikisa kichwa.

Kisha akasema, "Na ile shikamoo yako ya siku ile, marahaba. Sasa ingia, unalowesha mlango."

Nimefungwa drafti mara tatu.

Jumatatu, 9 Desemba.

Mzee amekubali zamu zirudi. Ametoa sharti: asiyependa kuja asije, na atakayekuja aje na habari za mjini. Nkwabi alikwenda, akamsomea matokeo ya mpira. Ile ya rehema bado sijamwuliza Padri.

Jumamosi, 14 Desemba.

Alasiri wingu lilitoka ziwani jeusi kama masizi. Bwana Liaqat alifunga duka mapema. Nilikuwa nafunga mlango wa nyuma akaniuliza, "Yule mzee wako wa kilimani, nyumba yake ni ya tofali gani?"

"Ya udongo, bosi."

Alikwenda stoo akarudi na turubai jipya, la kuuza, akanitupia.

Nilipofika Igogo maji yalikuwa yanashuka kati ya majabali kama mto. Nyumba ya Mzee ukuta wa nyuma ulikuwa umelala. Akinyi alikuwa ndani, maji magotini, ameshikilia kitanda kwa mgongo kisisogee. Nkwabi alikuwa anang'oa mlango.

"Niacheni!" Mzee alipiga kelele. "Nimekwenda na meli Bukoba kwenye dhoruba kubwa kuliko hii!"

"Meli inaelea," Akinyi akamjibu. "Nyumba haielei. Mlazeni!"

Tulimlaza kwenye mlango, tukamfunika turubai, tukamfunga kwa khanga za Akinyi. Mimi na Nkwabi mbele, Akinyi na kijana wa jirani nyuma. Nkwabi ana miguu mirefu, akawa anainua upande wake juu, Mzee anateleza.

"Mwenyekiti!" Akinyi akapiga kelele. "Mbinguni ndiko tunapanda, hapa tunashuka! Shusha bega!"

Mzee alicheka chini ya turubai. Nkwabi naye akacheka, na mimi nikacheka, maji yakituingia mdomoni. Nilikuwa natafuta pa kukanyaga kwa vidole vya miguu, huku nasema, "Pole pole, Mzee, tunakuja, pole pole." Nilikuwa na hofu moja tu, asianguke.

Tulipofika chini nikageuka kuangalia kama kuna kitu tumeacha, nikauona ule mwamba. Tulikuwa tumeupita. Nilikuwa nimekanyaga palepale.

Tulimleta hapa kwangu, ndipo karibu. Amelala kitanda cha Winnie na mimi. Mimi niko mkekani. Nimegundua sasa hivi, nikiandika, kwamba leo sikumtolea Winnie chochote. Sikukumbuka.

Jumanne, 17 Desemba.

Mzee anasema ugali wangu ni wa kuzibia mtumbwi.

Alhamisi, 19 Desemba.

Mama Zohra amemletea Mzee godoro. Hakuja mwenyewe kwa sababu ya miguu, alimtuma Bwana Liaqat, naye alikaa kucheza drafti akafungwa, akadai marudiano. Leo ni zamu yangu, lakini siku zote sasa ni zamu yangu. Sijui niite nini hali hii. Kuna asubuhi namkasirikia kabla sijanawa uso. Namwambia. Ananiambia na yeye. Tunakunywa chai.

Jumanne, 24 Desemba. Mkesha wa Noeli.

Nilimwuliza Mzee kama angependa Padri aje kumpa Mpako wa Wagonjwa. Alifikiri siku mbili. Leo akasema, "Aje. Asihubiri."

Padri alikuja jioni, mvua ikiwa imekatika. Tulitoka nje mimi na Akinyi, tukawaacha ili Mzee aungame. Walikaa muda. Kuna wakati tulisikia Padri anacheka, halafu Mzee anapenga makamasi kwa nguvu. Akinyi alijifanya anaangalia ziwa. Tulipoitwa ndani, Mzee alikuwa amekaa, ameegemea ukuta, paji la uso linang'aa mafuta. Alipokea komunyo kama mtu mwenye kiu. Kisha akamwambia Akinyi asimtazame hivyo, yeye si sinema.

Nilibandika uji, nikamsindikiza Padri mpaka palipo na njia ya gari. Tulizungumza juu ya vidonda vya mgongoni, namna ya kumgeuza mgonjwa, na kama parokia inaweza kupata kiti cha magurudumu. Akasema kuna kimoja kigangoni, kibovu tairi moja. Nikamwambia tairi nitaitengeneza. Tukaagana.

Alikuwa ameshafika kwenye gari, anafungua mlango, ndipo nilipokumbuka lile swali langu la tarehe nane: kama rehema ya Winnie ilifika, au moyo wangu uliizuia. Ningeweza kumwita. Sauti ingefika.

Nilisimama nikamtazama akiwasha taa, akageuza gari, akaondoka.

"Fundi!" Mzee akaita kutoka ndani. "Unamwombea nani huko nje? Uji unaungua!"

Nikaingia.